Ukuta Mweupe Katika Ua Wenye Kivuli: Yafaayo Kujua Kabla ya Kununua Rangi

Nyua za mijini zimekuwa nyembamba. Nyumba hujengwa zikikaribiana, ukuta wa uzio hupanda kupita kimo cha mtu, na mwembe uliopandwa zamani hutandaza matawi yake juu ya vyote. Matokeo yake ni sehemu ya ua isiyo na giza la kuwashia taa mchana, lakini isiyo na mwanga wa kutosha kuchambulia mchele. Udongo wake haukauki upesi, nguo huchelewa kuanikika, na wazee hupita hapo jioni kwa tahadhari.

Shauri linalotolewa mara nyingi ni kupaka ukuta wa uzio rangi angavu, yaani nyeupe, krimu, rangi ya maziwa au manjano ya mpauko, ili sehemu hiyo ichangamke. Shauri hilo ni zuri na lina msingi wa kisayansi. Hata hivyo, ofisi yetu huona umuhimu wa kumweleza mlaji mambo mawili kabla hajafungua mkoba. La kwanza ni kwamba rangi ina mipaka yake, na wapo wanaonunua ndoo kadhaa kwa kutarajia jambo ambalo rangi haiwezi kulitenda. La pili ni kwamba si kila rangi inayouzwa inafaa kupakwa mahali ambapo watoto hucheza. Katika kurasa hizi tunaeleza yote mawili, pamoja na namna ya kupima, kununua na kupatana na fundi.

Rangi hufanya nini, na haifanyi nini

Rangi haizalishi mwanga. Kazi yake ni kuurudisha mwanga uliokwisha kuufikia ukuta, badala ya kuumeza. Ukuta wa saruji usiopakwa kitu hurudisha takriban robo hadi theluthi moja ya mwanga unaoupiga. Tofali jekundu lililoiva sana au rangi ya kijani iliyokolea hurudisha chini ya humo. Rangi nyeupe iliyo safi hurudisha takriban sehemu nne kati ya tano, na krimu hafifu huikaribia. Kwa hiyo ukuta uliotoka kwenye saruji tupu hadi nyeupe unaweza kurudisha mwanga mara mbili au mara tatu ya ule wa awali.

Hiyo haina maana kwamba ua mzima utakuwa na mwanga mara tatu. Ukuta ni sehemu moja tu ya vitu vinavyouangaza ua. Mbingu iliyo juu, sakafu na kuta za nyumba navyo vina mchango wake. Aidha, ikiwa mwembe umefunika eneo lote kiasi kwamba mbingu haionekani ukiwa umesimama hapo, ukuta utakuwa na mwanga mdogo wa kurudisha, hata ukiwa mweupe kama theluji ya Kilimanjaro. Katika hali hiyo, kupogoa matawi machache ya chini huleta faida kubwa kuliko ndoo ya rangi, na mara nyingi kwa gharama ndogo.

Kwa mimea, mwanga unaorudishwa na ukuta husaidia kiasi. Mimea inayovumilia kivuli, kama mnanaa, hunufaika. Nyanya na mchicha, ambavyo hutaka jua la moja kwa moja kwa saa nyingi, havitaridhika kwa sababu ukuta umebadilishwa rangi. Mwenye nia ya bustani ya mboga asinunue rangi kama mbadala wa jua.

Wakazi wa mwambao waliyajua haya kwa vitendo tangu zamani. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, wenye vichochoro vyembamba vilivyo katikati ya majumba marefu, kuta zilipakwa chokaa nyeupe. Jua lililogusa sehemu ya juu ya ukuta mmoja lilirudishwa kwenye ukuta wa pili, likashuka hatua kwa hatua hadi chini anapopita mtu. Kanuni ni ile ile katika ua wa Kinondoni au Temeke.

Ukuta upi upakwe?

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni kwamba si lazima kupaka uzio wote. Ukuta wenye faida ni ule unaopata jua na wakati huo huo kutazama sehemu yenye kivuli. Kupaka ukuta uliojificha nyuma ya banda ni kutumia fedha bila kupata mwanga.

Hapa nchini jua halina upande mmoja wa kudumu. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua la adhuhuri hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na tena katika Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba, jua la adhuhuri huelemea kaskazini, kwa hiyo uso wa ukuta unaotazama kusini hukaa kivulini saa hizo. Kati ya Oktoba na Machi huelemea kusini, na uso unaotazama kaskazini ndio unaopoteza jua la adhuhuri. Kuta zinazotazama mashariki hupata jua la asubuhi na zinazotazama magharibi hupata la alasiri, mwaka mzima.

Maana yake kwa mlaji ni hii. Kama sehemu yenye kivuli ni jiko la nje linalotumika asubuhi, ukuta wa kwanza kufikiriwa ni ule ulio upande wa magharibi wa ua, kwa sababu uso wake wa ndani hutazama mashariki na hupokea jua la asubuhi. Kama ni baraza la kupumzikia jioni, fikiria kwanza ukuta ulio upande wa mashariki.

Tahadhari moja ni muhimu. Ukuta mweupe mno unaopigwa na jua kali la alasiri na kutazamana na dirisha la sebule huumiza macho na kuongeza joto ndani. Mahali kama hapo krimu au rangi ya mchanga hafifu ni bora kuliko nyeupe kabisa, na rangi isiyong'aa ni bora kuliko yenye mng'aro. Ikiwa uso unaotaka kuupaka unamtazama jirani, au ukuta ni wa ubia, zungumza naye kabla ya kuanza.

Jaribio la shuka

Kabla ya kununua chochote, tunamshauri mlaji kufanya jaribio lisilogharimu kitu. Chukua mashuka meupe mawili au matatu, yatundike kwenye sehemu ya ukuta unaokusudia kuipaka, na yaache tangu asubuhi hadi jioni. Keti mahali penye kivuli katika saa unazopatumia kwa kawaida. Angalia kama unaweza kusoma gazeti au kuona mawe kwenye mchele kwa urahisi zaidi. Kisha yatoe mashuka ukiwa umekaa palepale, uone tofauti.

Ikiwa tofauti ni dhahiri, rangi itafaa. Ikiwa ni vigumu kuitambua, fedha yako itafanya kazi nzuri zaidi ikitumika kupogoa mti, kuweka zege au kokoto nyeupe sakafuni, au kufunga taa ya usiku.

Chokaa, rangi ya maji au rangi ya mafuta?

Chokaa ni ya bei nafuu na hutoa weupe mzuri. Hupakwa ikiwa nyembamba, kwa mikono kadhaa, juu ya ukuta uliolowanishwa kidogo. Kisha hugeuka kuwa ngumu kwa kuvuta hewa ya ukaa kutoka angani. Haishiki vizuri juu ya rangi ya zamani, huacha unga kwenye nguo za anayeegemea, na huhitaji kurudiwa baada ya misimu ya mvua. Chokaa mbichi huunguza ngozi na inaweza kupofusha macho. Anayeichanganya avae glavu na miwani ya kujikinga, na watoto wasiwe karibu.

Rangi ya maji iliyotengenezwa kwa matumizi ya nje ndiyo inayofaa kuta nyingi za matofali na lipu. Hakikisha maandishi kwenye kopo yanasema wazi kuwa ni ya nje. Rangi ya ndani ina bei ndogo zaidi, lakini haikuundwa kustahimili mvua na jua, na huanza kuchakaa mapema.

Rangi ya mafuta hutumika zaidi kwa chuma na mbao, kwa mfano geti na nguzo. Haifai juu ya saruji mbichi, kwa kuwa ukali wa saruji huishambulia na kuifanya ibanduke. Uzio wa mabati unahitaji praima maalumu ya mabati kabla ya rangi. Bila hiyo, rangi hutoka kama ganda.

Madini ya risasi: jambo lisilofaa kupuuzwa

Kwa miaka mingi madini ya risasi yalitumika katika rangi ili kuipa weupe, kukoleza manjano, nyekundu na kijani, kuharakisha ukaukaji wa rangi za mafuta, na kuzuia kutu kwenye chuma. Madini hayo ni sumu. Hudhuru ubongo na mfumo wa fahamu wa mtoto, na madhara yake huweza kudumu maisha yote. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kile kile alichomeza. Umoja wa Mataifa umependekeza nchi ziweke kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni moja za rangi.

Mtoto halambi ukuta kwa makusudi. Rangi inapochakaa huwa vumbi na magamba, vumbi hutua mchangani, mtoto hucheza mchangani, kisha hutia vidole mdomoni. Ua wenye kivuli ndipo hasa watoto hukimbilia saa za joto. Kwa hiyo chaguo la rangi kwa sehemu hiyo ni suala la afya kabla ya kuwa suala la urembo.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, penye uchaguzi, tumia rangi ya maji, kwa sababu ni nadra kuongezwa risasi. Pili, unaponunua rangi ya mafuta kwa ajili ya geti au nguzo, tafuta kopo lenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), jina na anwani ya mtengenezaji, na maelezo kuhusu risasi. Kopo lisilo na lebo, au rangi iliyohamishiwa kwenye ndoo nyingine, lisinunuliwe hata kama bei inavutia.

Tatu, usiikwangue rangi ya zamani ikiwa kavu, wala usiichome kwa moto. Lowanisha ukuta au geti kwanza, tandaza turubai chini, waondoe watoto na wajawazito, kisha ukwangue ikiwa mbichi. Magamba yote yakusanywe kwenye mfuko na kufungwa. Yasifagiliwe bustanini wala kuchomwa na takataka. Ikiwa rangi ya zamani bado imeshika vizuri, ni salama zaidi kuisafisha na kupaka juu yake kuliko kuiondoa.

Kupima kabla ya kwenda dukani

Zidisha urefu wa ukuta kwa kimo chake. Ukuta wa mita 20 wenye kimo cha mita 1.8 una mita za mraba 36. Kwa mikono miwili ya rangi, eneo la kupakwa ni mita za mraba 72. Lita moja ya rangi ya maji hutosha mita za mraba 6 hadi 8 kwenye lipu isiyo laini. Kwa hiyo utahitaji lita 9 hadi 12, yaani makopo matatu ya lita 4 yatatosha. Anayeambiwa anahitaji ndoo mbili za lita 20 kwa ukuta huo ana haki ya kuomba maelezo.

Soma kipimo kilichoandikwa kwenye kopo kwa makini. Rangi ni nzito kuliko maji. Lita moja ya rangi ya maji huwa na uzito wa takriban kilo 1.3 hadi 1.5. Ndoo iliyoandikwa kilo 20 haina lita 20, bali ina takriban lita 13 hadi 15. Unapolinganisha bei za maduka mawili, linganisha lita kwa lita. Kulinganisha ndoo kwa ndoo ni njia rahisi ya kupunjika bila kujua.

Angalia pia namba ya toleo. Makopo ya rangi moja yaliyotengenezwa kwa nyakati tofauti yanaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana ukutani. Nunua yote kwa pamoja yenye namba moja. Ikishindikana, yachanganye kwenye chombo kimoja kikubwa kabla ya kuanza. Kumbuka kwamba rangi iliyochanganywa dukani kwa mashine kulingana na chaguo lako kwa kawaida haipokelewi ikirudishwa kwa sababu tu umebadili nia. Nunua kopo dogo kwanza, paka kipande cha mita moja, uitazame asubuhi na jioni.

Ukuta, majira na fundi

Rangi nzuri juu ya ukuta usioandaliwa ni hasara. Lipu mpya iachwe takriban wiki nne ikauke. Ukuta wa zamani ulio kivulini mara nyingi huwa na mwani wa kijani au ukungu mweusi. Usuguliwe kwa brashi ngumu na maji yenye dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, usuuzwe, kisha uachwe ukauke. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye tindikali wala yenye amonia, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu.

Ili kujua kama ukuta una unyevu ndani, bandika kipande cha nailoni chenye upana wa nusu mita, ukizibe pande zote kwa gundi ya karatasi, ukiache usiku kucha. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, ukuta wenyewe unatoa maji. Tafuta kwanza chanzo chake, iwe ni bomba, mfereji au udongo ulioegemea ukuta. Rangi haitibu unyevu. Itavimba na kubanduka.

Epuka kupaka wakati wa masika na vuli. Miezi ya Juni hadi Septemba hufaa zaidi katika maeneo mengi ya pwani. Kwa kuwa matone ya mvua hurusha udongo ukutani, ni busara sehemu ya chini, kama sentimita 40, ipakwe rangi iliyokolea. Mkanda huo hupunguza mwanga kidogo sana, lakini hukuepusha kupaka upya kila mwaka.

Mapatano na fundi yaandikwe, hata kwa ukurasa mmoja: eneo kwa mita za mraba, idadi ya mikono, nani ananunua rangi, maji kiasi gani yataongezwa kwa mujibu wa maelezo ya kopo, na malipo yatatolewa kwa awamu zipi. Kuongeza maji kupita kiasi ndiyo njia ya kawaida ya kuifanya rangi ionekane inatosha. Siku ya kwanza ukuta hupendeza. Baada ya mvua chache saruji huanza kuonekana. Makopo yafunguliwe mbele yako, na makopo matupu yabaki nyumbani hadi kazi ikamilike.

Ikiwa umeuziwa isivyo haki

Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa inayouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo hayo, na inayouzwa kwa sampuli sharti ilingane na sampuli. Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Rangi iliyoandikwa kuwa ya nje na kumbe si ya nje ni upotoshaji. Vivyo hivyo kopo lenye alama ya ubora ya kughushi.

Anza kwa muuzaji, ukiwa na risiti, kopo lenye lebo na picha za ukuta. Asipokusikiliza, malalamiko kuhusu udanganyifu na bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani. Kuhusu ubora, Shirika la Viwango. Na kuhusu ujazo pungufu, Wakala wa Vipimo. Bila risiti, madai yako yatakuwa magumu kuthibitishwa. Kwa hiyo idai risiti ya mashine ya kielektroniki kila unaponunua, hata kopo la lita moja.

Kabla ya kulipa, jiulize

1. Je, jaribio la shuka limeonyesha tofauti ya mwanga?
2. Je, ukuta niliouchagua unapata jua na kutazama sehemu yenye kivuli?
3. Je, ukuta ni mkavu, safi na umetimiza muda wa kukauka?
4. Je, kopo lina alama ya ubora, jina la mtengenezaji na maelezo ya matumizi ya nje?
5. Je, nimelinganisha bei kwa lita?
6. Je, watoto watakuwa mbali wakati rangi ya zamani inakwanguliwa?
7. Je, nina mapatano ya maandishi na fundi, na risiti mkononi?

Ikiwa jibu la swali lolote ni hapana, ahirisha ununuzi hadi utakapolikamilisha. Ukuta umesimama hapo miaka mingi. Hautadhurika kwa kusubiri wiki moja.